Jinsi ya kusoma vijiji vya mto Vardar ukiwa hapa Kisumu

Wazazi wenzangu, mtoto akipewa kazi ya vijiji vya kando ya mto huko Macedonia Kaskazini msikimbilie idadi ya watu kwanza, anzeni na mto wenyewe. Fungua ramani kwa simu, tafuta Vrutok karibu na Gostivar, hapo ndo Vardar inatoka, alafu fuata maji na kidole mpaka Skopje, ushuke kusini upite Veles na lile korongo la Demir Kapija, uingie Ugiriki mpaka baharini Aegean, jumla kama kilomita 388 hivi. Mwambie mtoto aangalie bonde linapanuka wapi na milima inabana mto wapi, juu hiyo ndo inaamua mashamba yatakaa wapi, kama tu vile Nzoia ikifika Budalang'i.

Sasa watu. Chukua sensa ya 2002 na ya 2021 ulinganishe kijiji kwa kijiji, ile ya 2011 ilianza ikasimamishwa so usihangaike nayo. Nchi nzima ilitoka 2,022,547 ikashuka 1,836,713. Vijana wengi wameenda Skopje ama ng'ambo, wazee wamebaki, na hiyo inaniuma sana juu hata Siaya nimeona boma za hivyo, mlango umefungwa na nyasi imefika dirishani.

Na majina pia chungeni, kijiji kimoja kinaweza kuwa na jina la Kimasedonia na la Kialbania, mtoto akahesabu mara mbili.