Namna ya kuchonga ubao ambao hutamwonyesha mtu

Kusi ikishika, mwezi wa tano na wa sita, wageni hupungua Lamu. Karakana yangu hapa Langoni hubaki na mimi, redio, na punda wa jirani anayependa kusimama mlangoni kama mteja. Ndipo ninapochonga ubao wangu wa siri. Huu ni mwaka wa tisa. Vijana wanaojifunza kwangu huuliza nina nini hata nipoteze siku kumi kwa kitu kisichouzwa wala kuonyeshwa. Naandika hapa namna ninavyofanya, mwenye kutaka ajaribu.

Chanzo ni mlango. Nilimchongea mtu mwenye nyumba ya wageni Shela, nikaupiga picha na kuitia mtandaoni, watu wakausifu mno. Milango mitatu iliyofuata nikachonga maua yale yale, kona zile zile. Wa nne nilikaa mbele ya mbao nzima asubuhi, penseli mkononi, nikashindwa kuchora hata mstari kabla sijajiuliza watu wataupenda. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini katika kazi hii. Niliogopa.

Sasa kazi yenyewe. Usichukue kipande cha kutupa. Hili ndilo kosa la kila kijana niliyemwambia ajaribu: huenda kwenye rundo la mabaki, akaokota ubao wenye fundo na ufa, kwa kuwa "ni wa siri tu." Ukifanya hivyo umeshahukumu kwamba kisichoonekana hakina thamani, na hakuna haja ya kuendelea. Chukua ubao ambao ungemuuzia mtu: inchi 8 kwa 14, unene inchi 1, mkavu, nyuzi zake zimenyooka. Mwembe ni laini na unamfaa anayeanza, ila hauna subira na maji. Mahagoni una tabia njema. Mbambakofi ni mgumu, hula makali ya patasi, lakini mkato ukishaingia umeingia, hauondoki. Piga randa pande zote mbili, hata mgongoni.

Noa patasi zako zote kabla hujaanza, si moja moja ukiwa njiani.

Mchoro wa katikati nakushauri uwe waridi la majani 6, kwa sababu halidanganyi. Fungua bikari inchi 2, chora duara. Usiilegeze. Weka ncha popote juu ya duara lenyewe, uchore tao litokalo ukingo hadi ukingo likipita kwenye moyo. Pale tao lilipokata duara, hamishia ncha hapo, chora tena. Ukizunguka mara 6 utarudi ulipoanzia. Usiporudi sawasawa, bikari imeteleza. Kwenye mlango wa mteja ungelisogeza tao la mwisho kwa penseli likaonekana limefika, na hakuna ambaye angejua. Hapa futa lote, anza upya.

Kila jani lina mstari wake wa kati, kutoka moyoni hadi ncha. Anza na huo. Simamisha patasi wima, gonga kwa nyundo ya mti, kina kifike robo inchi katikati ya jani na kipungue kuelekea ncha zote mbili. Kisha laza patasi, anzia ukingoni mwa jani, kata kwa kuteremka mpaka ule mstari. Upande mmoja utakwenda na nyuzi za mbao, wa pili utapingana nazo, na huo wa pili ndio unaochanika. Ukiona kipande kinanyanyuka badala ya kukatika, simama, ugeuze ubao, uje kwa upande mwingine. Pembezoni zungusha nakshi ya mnyororo au chochote mkono wako unachokijua.

Masharti ni machache. Simu ikae nyumbani, au angalau ndani ya droo. Usimwambie mtu unachochora. Mtu akiingia, funika kwa kitambaa. Mimi hutumia leso kuukuu ya mama watoto, na ndiyo iliyomfanya siku moja aniulize kwa sauti nyembamba nimemfichia nini.

Siku ya nne au ya tano utafika kwenye kona ya chini, mgongo unauma, na mkono utakuambia: malizia tu, nani ataona? Usiupite upesi wakati huo. Ndio uliokuleta. Mwaka wa kwanza nilipofika hapo nilianza kuharakisha, nikasikia kikohozi. Marehemu mwalimu wangu hakuwa na maneno. Akiona kona imeharakishwa alikohoa mara moja, akapita. Amefariki zamani, na karakana ilikuwa tupu, punda tu. Lakini patasi ilisimama yenyewe. Nikajua kwamba miaka yote nilidhani nawachongea watalii, kumbe kona za chini nilikuwa namchongea mzee mmoja aliyelala kaburini. Kijana wangu mmoja alipojaribu alisikia kitu kingine: hesabu. Kila jani alilipigia bei kichwani. Aliniambia akiwa na aibu. Nikamwambia si aibu, sasa anajua nani amekaa naye.

Mpenda mabishano atasema: basi hiyo si kazi isiyo na mtazamaji, umemhamisha tu akaingia kichwani. Sibishi. Shangazi yangu alilimaliza jambo hili kuliko mimi. Anakaa Mkomani katika nyumba ya mawe ya zamani, ile yenye daka (ukumbi wa mlangoni), tekani (njia ya kuingilia), kiwanda (ua wa ndani), msana wa tini na msana wa yuu (kumbi mbili ndefu), na mwisho ndani. Mgeni wa kiume hukomea daka. Na zidaka, zile safu za vishubaka vya chokaa zilizochongwa ukuta mzima, ziko wapi? Ndani, chumba cha mwisho, walikokaa wenye nyumba na wanawake wa karibu. Nilimuuliza kwa nini fundi hakuziweka barazani watu wakaziona. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini chumvi hatuitii kwenye chai. "Mwanangu, hizi si za mato (macho) ya watu. Ni za wenyewe."

Na Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Msikilizaji mmoja. Sisi tuliobaki tumekuja baadaye, kama wageni waliopenya hadi ndani. Muhamadi Kijuma naye, mshairi na mchongaji wa hapa Lamu aliyefariki 1945, alinakili tenzi kwa mkono wake mzuri kwa ajili ya wasomi wa Ulaya, walioko mbali na mtaa wake. Siwezi kusema mmoja alikuwa na kazi yenye maana na mwingine hana. Ninachoweza kusema ni kwamba kila mmoja alijua anamwandikia nani, na mimi mbele ya ule mlango wa nne nilikuwa sijui.

Lakini tusidanganyane. Kuficha hakuipi kazi heshima yoyote. Katika mbao zangu nane, tano ni mbaya. Moja imeegemeza meza ya karakana. Ubao mbaya uliofichwa ni ubao mbaya. Na mlango wa nje lazima utazame njia, nao ndio unaonilisha, sitaki mtu atoke hapa akamfungie mteja kazi yake kwa kitambaa.

Ukimaliza, ukague mara mbili. Kwanza usiku, taa moja ubavuni mwa ubao, chini kabisa. Mwanga wa juu husamehe, wa ubavuni huonyesha kila tuta na kila mahali patasi ilipokwama. Pili fumba macho, upitishe dole gumba kwenye kila bonde la jani. Vidole hutambua jani lenye kina tofauti kabla ya macho. Msasa uwe mdogo, ukizidisha unaua kingo.

Kisha mafuta mepesi kwa kitambaa, yakauke siku mbili. Usipake sifa, yale mafuta ya papa. Vyombo vya baharini hupakwa sifa vikadumu, lakini kitu cha ndani ukikipaka sifa nyumba nzima itanuka.

Pa kuuweka, shauri yako. Mimi ule wa mwaka jana, wa mwembe, bora kuliko yote niliyochonga, niliusimamisha nyuma ya kabati, uso ukiwa ukutani. Mama watoto akaukuta akifagia. Nilirudi kutoka msikitini nikaukuta juu ya mtungi wa maji, nakshi ikiwa chini. Nikamuuliza mbona ameugeuza. Akasema upande laini ndio unaokalisha kikombe.

Sikuuondoa. Juzi nimeuinua nikinywa maji, nikatazama chini yake. Waridi limevimba kwa unyevu, na jani moja limeanza kufunguka kwenye ule upande unaopingana na nyuzi. Mwaka huu nimenunua mbambakofi.