Namna ya Kuipata Maana ya Nahau ya Kiingereza na Kuileta katika Kiswahili

Nahau za Kiingereza humsumbua mfasiri kuliko msamiati mgumu, kwa sababu neno gumu hujitangaza, ilhali nahau hujificha ndani ya maneno ambayo kila mtu anayajua. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia kazini.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ulicho nacho ni nahau kweli. Dalili kuu ni sentensi kutoingia akilini ukiichukua neno kwa neno, lakini mimi huongeza jaribio dogo la kuligeuza umbo lake. Kwa Kiswahili tukisema kuwa Juma amepata jiko, tunaelewa kuwa ameoa. Tukisema amepata majiko mawili yenye mfuniko, tumeshahamia duka la vyombo. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo: "He kicked the bucket" hutangaza kifo, ilhali "The bucket was kicked by him" ni habari ya mtu aliyepiga ndoo teke.

Hatua ya pili ni kusoma sentensi zilizotangulia na zinazofuata kabla ya kugusa kamusi. "He pulled my leg" kwa kawaida humaanisha kwamba mtu ametaniwa kwa kudanganywa, lakini iwapo wahusika wako zahanati na mmoja wao ameteguka, huenda mguu ulivutwa kweli.

Hatua ya tatu ni kamusi yenyewe, nayo haina mengi: usipoiona nahau chini ya "bucket", itafute chini ya "kick".

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kujua msemaji anatoka wapi. Niliwahi kukalimani katika mkutano ambapo mgeni kutoka Marekani alisema "Let's table this", nami kwa mazoea ya Kiingereza cha Uingereza nikawaambia wajumbe kwamba anaomba hoja ijadiliwe. Wajumbe wakafungua makabrasha na mmoja akaanza kuchangia, huku mgeni akinitazama kwa mshangao, kwani kwa Wamarekani usemi huo humaanisha kuiweka hoja kando, na kwa Waingereza humaanisha kuiwasilisha ili ijadiliwe. Tangu siku hiyo, nikiusikia usemi huo humwomba msemaji afafanue kwanza, hata kama nitaonekana mgeni wa lugha.

Hatua ya tano ndiyo yenye utamu, yaani kutafuta usemi wa Kiswahili wenye maana na uzito ule ule. "Once in a blue moon" haihitaji mwezi wa buluu. Kitu kinachotokea mara chache namna hiyo, sisi husema kimeadimika kama wali wa daku. Mtu anayeitwa "tight-fisted" ana mkono wa birika, na anayeambiwa "bite the bullet" anatakiwa apige moyo konde. Pale ambapo hakuna usemi uliozoeleka, ama ueleze maana waziwazi, ama ubuni kwa uangalifu: "carrying coals to Newcastle" hutokana na mji wa Uingereza uliosifika kwa kusafirisha makaa ya mawe, nami sikuona vibaya kuandika kwamba ni sawa na kupeleka karafuu Pemba.

Uzito nao upimwe. "Kick the bucket" ni lugha ya mtaani, kwa hiyo inalingana na kukata kamba, na wala haifai kuingia katika tanzia, mahali ambapo marehemu hufariki dunia.

Jihadhari zaidi na nahau zinazofanana sura. "Beat around the bush" ni kuzungumza kwa kuzungukazunguka bila kuifikia hoja, na wapo wanaoifasiri kuwa kuzunguka mbuyu. Tatizo ni kwamba kwa wasomaji wengi kuzunguka mbuyu ni kutoa au kupokea rushwa, hivyo ukiandika kwamba waziri alizunguka mbuyu alipoulizwa kuhusu zabuni, utakuwa umemtuhumu kosa la jinai ilhali chanzo kilisema tu kwamba hakujibu moja kwa moja.

Hatua ya mwisho ni kumsomea tafsiri mtu ambaye hajaiona matini ya Kiingereza. Hapo ndipo hunaswa semi kama "mwisho wa siku", zilizokopwa kutoka "at the end of the day", ambayo maana yake ni hatimaye, baada ya yote kuzingatiwa. Katika mazungumzo usemi huu umeshazoeleka na sioni haja ya kuupiga vita, lakini katika barua ya kikazi mimi huuondoa, kwa sababu aliyeandikiwa kwamba mwisho wa siku malipo yake yatafanyika atakaa na simu mkononi hadi jioni, akisubiri ujumbe wa benki.