Kapu la sokoni: mchezo wa kuwaanzishia watoto lugha ya alama

Jumamosi asubuhi baraza letu la Ngamiani, hapa Tanga, hujaa watoto wa miaka 5 hadi 8. Baadhi ni viziwi, wengine ni ndugu na majirani zao wanaosikia, na wote ndio kwanza wanaanza Lugha ya Alama ya Tanzania. Mchezo ninaoutegemea kuliko yote ni wa kapu, maana mtoto hulishika neno siku anapolihitaji ili apate kitu.

1. Alama zitoke kwa kiziwi mwenyewe. Lugha ya alama si moja duniani kote. Nilipoanza, nilichukua alama za matunda kwenye video ya Kimarekani. Mtoto mmoja akaenda nazo nyumbani, bibi yake ambaye ni kiziwi asielewe hata moja. Kuwasahaulisha watoto zile alama kulinigharimu wiki kadhaa. Sasa bibi huyo ndiye anayekaa mbele, mimi nashika kapu.

2. Andaa mahali. Watoto wakae nusu duara, kila mmoja auone uso na mikono ya mwenzake. Anayefundisha asikae jua likiwa nyuma yake, uso utaingia kivuli, na uso nao ni sehemu ya lugha. Vaa nguo ya rangi moja. Kanga ya maua makubwa kifuani huimeza mikono.

3. Jaza kapu. Vitu vitano tu, tena vya kweli: nazi, limau, chungwa la Muheza, dagaa wakavu, kipande cha muhogo. Picha si mbaya, lakini limau linanukia.

4. Onyesha bila sauti. Bibi anainua kitu, anatoa alama yake mara tatu, polepole, watoto wanaiga. Kunong'ona marufuku, la sivyo wanaosikia wataelezana kwa mdomo na viziwi watabaki watazamaji. Ukitaka kumwita mtu, mguse begani au mpungie mkono.

5. Fungua soko. Mtoto mmoja anauza, wengine wananunua kwa alama. Muuzaji atoe kile alichokiona mikononi mwa mnunuzi, hata kama anajua mwenzake alitaka kingine. Utamu wote uko hapa. Majuzi binti wa miaka 6 alitaka limau, akapewa nazi. Akaitazama ile nazi, akatazama vidole vyake vilivyolegea, akavikaza, akarudia. Akapata limau lake, na baraza zima likainua mikono juu kuitikisa, ndiyo makofi yetu.

Usikimbilie kusahihisha. Kama bado amekwama, angalia umbo la mkono, mahali anapouweka, mwendo wake, na kiganja kinaelekea wapi. Kimoja kikibadilika, neno linaweza kuwa jingine kabisa.

6. Pitisha alama. Wakichoka na soko, wapange mstari, wote watazame mbele. Wa nyuma kabisa anamgusa aliye mbele yake, huyo anageuka, anapewa alama mara moja, anaipeleka mbele. Wa mwisho kuipata anakwenda kutoa kitu kapuni. Dakika tano zinatosha.

Jumamosi inayofuata ondoa vitu viwili walivyokwisha kuvizoea, weka viwili vipya. Ukiona wanunuzi wanakunja nyuso na kumrudishia muuzaji bidhaa, mwombe bibi awape alama za "ghali" na "punguza".