Namna ya kukagua chombo cha kale cha seladoni chenye nakshi

Seladoni ni kauri yenye asili ya China, yenye utando wa kioo wa kijani. Kijani hicho hakipakwi kwa brashi: hutokana na chuma kidogo kilichomo kwenye utando, kikachomwa katika tanuri lililobanwa hewa. Likumbuke hilo, maana ukaguzi wote unalitegemea.

1. Andaa meza. Tandika taulo nene, vua pete na saa, nawa mikono uikaushe. Glovu za kitambaa huteleza, ziache. Shika chombo tumboni kwa mikono miwili. Usikibebe kwa shingo wala masikio, kwa sababu hapo ndipo gundi ya zamani huachia.

2. Soma kitako kwanza. Wengi hukimbilia maua. Mimi huanza chini. Kwenye vyombo vya Longquan, jimbo la Zhejiang, sehemu ya kitako isiyo na utando mara nyingi huwa na wekundu wa kutu, kwa kuwa hewa iliingia tanuri lilipokuwa likipoa. Wekundu wa kweli umo ndani ya udongo wenyewe. Wa kughushi umepakwa: chini ya lenzi utaona rangi imejaa vishimoni, na pamba yenye maji pengine itatoka nayo. Tazama na mikwaruzo. Ya miaka mingi huenda huku na huko. Ya msasa hulala upande mmoja.

3. Mulika nakshi kwa ubavu. Zima taa, laza tochi karibu na ukuta wa chombo, kisha kizungushe polepole. Hapa usiwe na haraka. Mafundi wa Yaozhou, jimbo la Shaanxi, zama za ukoo wa kifalme wa Song ya Kaskazini (960–1127), walichonga udongo ungali mbichi, kisu wakikiinamisha. Mchoro wao una upande mmoja uliosimama na mwingine unaopanda taratibu. Utando ulipoyeyuka ulituama kwenye kina, ukawa mzito na wa kijani kilichoiva, kisha ukapauka kadiri mteremko unavyopanda. Jani moja la mpeoni, mmea wa maua, likawa na kivuli chake bila tone la wino. Mistari yenye kingo za mviringo na kina kilekile kila mahali huashiria kalibu. Hilo peke yake si ushahidi wa ughushi, kwani Wachina walitumia kalibu tangu zama hizohizo.

4. Tafuta matengenezo. Pitisha tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) gizani. Gundi na rangi mpya mara nyingi hung'aa tofauti na kauri. Kagua mdomo hasa. Shingo iliyovunjika hukatwa ikasagwa, na mdomo hubaki bapa, bila utando.

5. Usiamini mhuri upesi. Seladoni za kale za Longquan kwa kawaida hazina mhuri wa mfalme, yaani alama ya jina la utawala wake kitakoni. Mihuri ya buluu ya wafalme Yongzheng na Qianlong ni ya Jingdezhen, mji wa kauri wa China, karne ya 18, na imeigwa mno.

6. Uliza kimetoka wapi. Vigae vya seladoni vimechimbuliwa Gedi na Kilwa Kisiwani. Ukiambiwa kitu kimetoka kwenye magofu, usinunue; wapelekee taarifa watu wa makumbusho.

7. Safisha mwisho. Tumia maji ya vuguvugu, beseni la plastiki na sabuni laini kidogo. Jiki usiiguse. Kama hatua ya nne ilikuonyesha gundi, usikiloweke kabisa: kipanguse kwa pamba yenye unyevu, kisha kiache kikauke chenyewe juu ya taulo.