Namna ya Kumuenzi Mwananchi Aliyeyatumikia Makumbusho ya Historia ya Asili Maisha Yake Yote

Makumbusho yanapotaka kumuenzi mwananchi aliyeyaletea wadudu, mimea au visukuku tangu ujana wake, kamati nyingi huanza kwa kupanga hafla na kuagiza ngao. Nashauri kazi ianzie kwenye kumbukumbu za mkusanyiko, kwa kuwa humo ndimo watafiti wa miaka ijayo watakamomtafuta.

Pitieni daftari la mapokezi, lebo za vielelezo na hifadhidata, mkiorodhesha kila kilichopitia mikononi mwake. Huenda mkamkuta ameandikwa kwa herufi za mwanzo tu, au kwa jina la ndoa, au hayumo kabisa kwa sababu aliyetajwa ni mtafiti aliyemtuma. Unganisheni taarifa hizo katika rekodi moja, lakini lebo ya zamani isiondolewe wala kufutwa; sahihisho liandikwe kwenye lebo mpya inayowekwa pamoja nayo. Ikiwa vielelezo vyake vimetawanyika katika taasisi mbalimbali, tovuti ya Bionomia huviunganisha na jina lake kwa kutumia kitambulisho cha ORCID (namba ya kipekee ya mtafiti) kwa aliye hai, au cha Wikidata (hifadhidata huria ya mtandaoni) kwa aliyefariki.

Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayorudisha haki. Mary Anning wa Lyme Regis, Uingereza, aliyefariki mwaka 1847, alifukua visukuku vya wanyama wa kale wa baharini ambavyo mara nyingi viliingia makumbusho kwa majina ya matajiri walionunua na kuvitoa kama zawadi, wala si kwa jina lake.

Akiwa hai, kaeni naye mbele ya makabati na kumrekodi akieleza alikopata kila kielelezo, katika msimu gani na juu ya mmea gani, kwa maana mengi ya hayo hayakuenea kwenye lebo. Daftari zake za nyikani, picha na ramani ziombwe kwa maandishi, na masharti ya umiliki yaeleweke kwake na kwa familia yake, kwani msiba ukitokea makaratasi ya namna hiyo hutupwa kwa urahisi.

Heshima iliyo kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kuipa spishi mpya jina lake. Kamoya Kimeu, mtafutaji mashuhuri wa visukuku kutoka Kenya, anakumbukwa katika jina la nyani wa kale, Cercopithecoides kimeui, na katika jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) ya Kamoyapithecus iliyotangazwa mwaka 1995. Kwa wanyama, jina la spishi linalomuenzi mwanamume kwa kawaida huishia na -i, la mwanamke na -ae. Jina hilo halikubaliki mpaka spishi ielezwe katika chapisho la kisayansi na kielelezo chake cha rejea kutajwa, kazi inayoweza kuchukua miaka. Kwa hiyo msimwahidi mapema, na muombeni ridhaa yake kwanza.

Hafla yenyewe iwe fupi. Wasifu utakaosomwa utaje vielelezo mahususi na maswali ya kisayansi yaliyojibiwa kwa sababu yake, badala ya sifa za jumla, na uwataje kwa majina waliomsaidia: mwenzi aliyechoma wadudu pini usiku, jirani aliyemwonyesha njia, vibarua waliobeba mawe. Nakala ya wasifu huo iwekwe katika faili la mkusanyiko, pamoja na daftari zake.