Somo: Jiko la udongo lililopasuka si la kutupa

Majiko mengi yanayoishia jalalani yana kosa moja tu machoni pa mwenyewe: ufa. Nataka tuanzie hapo, kwa sababu ufa peke yake hauliui jiko. Kinacholiua ni kulegea. Chungu cha ndani kikiachana na bati, kila ugali unaosongwa juu yake unakitikisa, moto unapenya pembeni na kulichoma bati, na baada ya muda kitako chote kinadondoka kwenye majivu. Kwa hiyo usikimbilie kuziba nyufa. Shughulika kwanza na namna chungu kilivyokaa.

Ninalozungumzia ni lile jiko la makaa lenye kiuno, bati nje na udongo uliochomwa ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Asili yake ni jiko la ndoo la Thailand. Mafundi wa Nairobi, wale wa Shauri Moyo na Kamukunji hasa, wakaanza kulitengeneza kwa wingi. Kiuno kile si pambo. Kinabeba chungu kwenye nusu ya juu peke yake, nusu ya chini ikabaki ya majivu na hewa. Ukielewa hilo, utengenezaji wote unaeleweka.

1. Lichunguze likiwa baridi na kavu

Mwaga majivu, kisha shika ukingo wa chungu kwa vidole na ukitikise. Kikicheza, una kazi. Kisha gonga udongo kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali. Penye mlio mkavu ni pazima. Penye mlio mzito, uliokufa, kuna mwanya nyuma yake. Usiku, weka tochi ndani ya chungu na uchungulie kupitia kilango cha majivu: mwanga ushuke kupitia matundu tu. Ukionekana pembeni, ndipo moto nao unapopita.

Sasa amua. Ufa mwembamba na chungu hakichezi: liache jiko lipike. Chungu kinacheza lakini ni kizima: nenda hatua ya 3. Kitako kimebomoka na matundu mawili matatu yamekuwa tundu moja: usipoteze muda kukiziba, nunua chungu kipya. Nimeona watu wakikiziba kwa waya na simiti. Makaa yanaangukia chini mabichi na hakuna cha kuokoa.

2. Safisha bila maji

Tumia brashi ya waya na kitambaa kikavu. Udongo uliochomwa hunywa maji, na ukiwasha moto kabla haujakauka, mvuke unaotafuta njia ya kutoka utaongeza nyufa. Matundu ya kitako yazibue kwa msumari, taratibu, ukisukuma kutoka chini kwenda juu ili usimegue kingo.

3. Kukalisha upya chungu kilicholegea

Hii ndiyo kazi yenyewe, usiifanye kwa haraka.

Kati ya chungu na bati kuna kijazo. Viwanda vingi vimetumia simiti iliyochanganywa na vamikulaiti, yale madini mepesi yanayovimba yakichomwa, kwa sababu yanazuia joto lisifike kwenye bati. Nyumbani majivu hufanya kazi hiyo vizuri. Chekecha majivu makavu ya makaa hadi yawe kama unga, upime makopo manne kwa kopo moja la simiti, uchanganye vikiwa vikavu, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Ukifinya tonge likashikana bila kuchuruzika maji, hapo sawa.

Kwa patasi nyembamba, ondoa kijazo cha zamani kilichopasuka kuzunguka ukingo. Usichimbe kilicho kizima. Kama chungu kinatoka chenyewe, kitoe, ukwangue mabaki yote kwenye kiuno, utandike mchanganyiko mpya kiunoni, kisha ukirudishe na ukisukume kwa viganja viwili mpaka kikae sawa. Pima kwa sufuria yenye maji juu ya mafiga ya chuma ya jiko: maji yasiegemee upande mmoja. Kabla ya kujaza mwanya, nyunyizia maji chungu na bati, la sivyo udongo utanyonya maji ya mchanganyiko na simiti haitashika. Jaza kidogo, shindilia kwa kijiti, jaza tena. Hewa iliyobaki ndani ndiyo itakayokurudisha hapa.

Juu, ukingo uinamishe kuelekea nje, ili uji ukifurika umwagikie nje, usizame kwenye kiungo.

Funika kwa gunia lenye unyevu siku tatu, kisha liache kivulini mpaka likauke kabisa. Wiki nzima si nyingi, na wakati wa masika ongeza.

4. Nyufa pana

Ufa unaoingia ukingo wa sarafu uzibe, lakini kamwe usitumie simiti tupu pale makaa yanapogusa. Simiti ya kawaida ikipata joto kali hupoteza maji yaliyoifunga, kisha ikipata unyevu inamomonyoka. Utaokota vipande vyake kwenye majivu.

Tumia udongo wa mfinyanzi pamoja na unga wa vigae, nusu kwa nusu. Vigae ni chungu kilekile kilichovunjika: kiponde, ukichekeche. Udongo mbichi hunywea ukikauka. Vigae vilishanywea tanuuni, kwa hiyo vinauzuia usivutike na kuacha ufa mpya. Lowesha ufa, sukuma tope hadi ndani kabisa, lainisha, kausha polepole. Sitakudanganya kuwa udongo huo utakuwa na nguvu ya udongo wa tanuu. Unazuia moto usipenye, basi. Ukitoka baada ya miezi, uzibe tena. Ni kazi ya nusu saa.

5. Ukinunua chungu kipya

Beba jiko lako sokoni. Vipimo vya mafundi havifanani, na "saizi ya kati" ya huyu si ya yule. Kiwe na nafasi ya upana wa kidole kuzunguka. Kigonge: kinapaswa kulia. Kikilia pu! hakikuiva. Kikatae chenye madoa meupe ndani ya udongo, kwani mara nyingi hiyo ni chokaa. Baada ya kuchomwa hunyonya unyevu, huvimba na kubandua vipande.

6. Bati

Kutu ya juujuu toa kwa msasa. Palipoliwa na kutu, fundi bati atapiga kiraka kwa riveti. Angalia hasa kilango: kisipofunga huna namna ya kupunguza moto, na ule uokoaji wa makaa tunaousifia unaishia hapo. Ukitumia bati la pipa kuukuu, uliza lilibeba nini, na rangi yake ichomwe nje, mbali na watu. Bati lililopakwa zinki, kama mabati ya paa, usilitie kwenye moto wa moja kwa moja, moshi wa zinki unaumiza.

7. Moto wa kwanza

Konzi moja ya makaa, bila sufuria, kilango nusu. Liache lipoe lenyewe. Siku ya pili ongeza. Siku ya tatu bandika chai. Maharage yasubiri.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kisauni:* Fundi, shikamoo. Mimi nikimaliza kupika humwagia maji makaa yaliyobaki ili niyatumie kesho. Hilo ndilo linalopasua jiko?

Marahaba, mama. Ndilo hilo, kuliko jambo lingine lolote. Udongo wa moto ukipata maji baridi, upande mmoja unanywea huku mwingine bado umetanuka. Yatoe makaa kwa koleo, yatie kwenye debe la bati lenye kifuniko kinachobana. Yakikosa hewa yanazimika yenyewe, na kesho yanashika upesi kwa kuwa ni makavu. Debe lenyewe liwe nje.

*Kijana wa Kitengela:* Huku udongo wetu ni ule mweusi. Unafaa kuziba ufa?

Hapana, ndugu yangu. Ule unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka. Tazama shamba lako wakati wa kiangazi. Jaribu udongo wowote hivi: viringisha kamba nene kama kidole, uizungushe kama bangili. Ikikatika, una mchanga mwingi. Isipokatika, ikaushe siku mbili kivulini. Ikiwa haina nyufa kubwa, tumia. Kama hupati, waombe wafinyanzi kiasi kidogo.

*Dada wa Kisumu:* Langu ni la kuni, lile la Upesi lililojengewa jikoni. Mchanganyiko wako wa majivu na simiti nao unafaa?

Huhitaji simiti, dada. Chungu cha Upesi kimeshikwa na ukuta wa tope, na tope hutengenezwa kwa tope. Bomoa sehemu iliyolegea, lowesha, kandika upya kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, ushindilie vizuri nyuma ya chungu. Ukitia simiti, siku chungu kikivunjika utalazimika kuvunja ukuta mzima.

*Mzee wa Limuru:* Baridi ya Julai, tunaliingiza chumbani usiku makaa yakishaacha moshi. Jiko likitengenezwa vizuri hivi si ni salama zaidi?

La, mzee wangu, na naomba hili uliambie kila mtu nyumbani. Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Jiko bovu au jipya, hali ni ileile. Lisilale ndani.

*Mwanachama wa Likoni:* Nauza chapati, jiko langu linawaka kutwa. Nimekalisha chungu upya mara mbili, kimelegea tena.

Nieleze: karai lako limekaa juu ya mafiga matatu ya chuma, au limeelemea ukingo wa chungu? Nahisi ni hilo la pili. Mafiga yamepinda kwa uzito, kwa hiyo kila unapogeuza chapati unasukuma udongo. Mpelekee fundi bati anyooshe mafiga au aweke mengine ya nondo, ndipo ukalishe chungu mara ya tatu.