Maharage bila tumbo kujaa gesi

Mwenye tumbo linalosumbua kila mara (gesi, kusokotwa, leo kuharisha kesho choo kigumu) si lazima aache maharage. Kwa Uganda, posho (ugali wa mahindi) bila maharage ni adhabu. Tatizo ni sukari fulani ndani ya punje ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha, na gesi hutokea hapo. Ila sukari hizo huyeyuka majini. Loweka kikombe 1 cha maharage kwa vikombe 4 vya maji, saa 12 hivi, ukibadilisha maji mara moja. Mwaga, suuza, chemsha dakika 10, mwaga tena, kisha pika kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Wengi huharibu hapa: hupikia maji yaleyale ya kulowekea, eti ladha isipotee.

Anza na vijiko 3 vya chakula vya maharage hayo kwa matooke (ndizi za kupika), siku 3, ndipo uongeze. Kitunguu nacho kina sukari za jamii hiyo. Tumia majani yake ya kijani tu. Ukiona damu kwenye choo au unakonda bila sababu, nenda hospitali kwanza.